Umezaa Wangapi, na Walio Hai ni Wangapi?

Kwetu Muheza, ukimuuliza mwanamke mzima ana watoto wangapi, si lazima upate jibu la neno moja. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akijibu hivi: "Nimezaa saba. Wanne ndio hawa mnaowaona, watatu wametangulia." Alijibu hivyo kwa jirani, akajibu hivyo zahanati, akajibu hivyo hata kwa karani wa serikali aliyekuja na daftari kubwa kwapani akitaka tarakimu moja tu. Karani aliposema, "Bibi, mimi nataka walio hai," yeye alimtazama kwa huruma, akamwambia, "Mbona umeniuliza watoto wangu?" Sisi wajukuu tulicheka sana. Sikujua kwamba jibu lile lingenijia tena nikiwa mtu mzima, mbali na michungwa ya Muheza, katika nyumba ya mbao iliyo juu ya kilima huko Iowa, Marekani, nikiwa nimeinamia makaratasi ya ukoo usio wangu kwa damu.

Mume wangu ni mtoto wa wakulima wa kaunti ya Winneshiek, kaskazini mashariki mwa jimbo la Iowa. Alikuja Tanga akiwa mwalimu wa kujitolea, tukaoana, tukakaa nyumbani miaka kadhaa, kisha tukahamia kwao baba yake alipougua. Wengi hudhani kwamba Iowa yote ni tambarare kama meza. Pembe ile sivyo ilivyo. Ina vilima na mabonde, majabali ya mawe ya chokaa, na chemchemi za maji baridi hata wakati wa joto. Watu hulima mahindi na soya, na hufuga ng'ombe wa maziwa. Wakati wa baridi ardhi huganda ikawa ngumu kama saruji, na mtu wa pwani hujifunza upya kutembea.

Baba mkwe alipofariki, mama mkwe aliniita jikoni, akaweka mezani boksi la viatu lililofungwa kwa kamba. "Wanangu hawaniulizi kitu," aliniambia. "Wewe tangu ulipokuja unauliza huyu ni nani, yule ni nani. Basi chukua." Ndani mlikuwa na picha zisizo na majina, barua za Kinorwei ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma, risiti za mbegu, hati za shamba, na kijitabu cha kurasa kumi na mbili kilichopigwa taipu. Kijitabu hicho kiliandikwa na mjomba mmoja mwaka 1976, jimbo la Iowa lilipoanza kutoa vyeti vya heshima kwa mashamba yaliyokaa mikononi mwa familia moja kwa miaka 100 au zaidi. Mama mkwe alitaka kiandikwe upya kabla hajatimiza miaka tisini, ili kila mjukuu awe na nakala yake.

Nikakisoma kijitabu usiku ule ule. Kilikuwa kimeandikwa kwa mapenzi, na mjomba yule alijua hesabu. Alieleza jinsi babu wa kwanza alivyofika kutoka Norwei akiwa kijana, akafanya kazi za kuajiriwa, halafu akanunua ekari 160. Alieleza kwa nini ni 160: nchi ile ilipimwa kwa miraba, kila mraba wa maili moja kwa maili moja una ekari 640, na robo yake ndiyo hiyo. Aliandika mwaka ghala kubwa lilipojengwa, idadi ya ng'ombe waliokamwa, na bei ya farasi wawili wa kwanza. Kuhusu bibi wa kwanza, mke wa babu huyo, alikuwa na mstari mmoja: alizaliwa Norwei, alikuwa mpole, alizaa watoto wanne, wana watatu na binti mmoja.

Kazi yangu niliidhani ya siku chache: kurekebisha tarehe, kuongeza waliozaliwa baada ya 1976, kuchapa, basi. Kilichonikwamisha ni yule binti mmoja. Kijitabu kilisema alizaliwa mwaka 1883. Jiwe la kaburi lake, ambalo nilikuwa nimelipita mara nyingi nikienda kanisani na familia, lilisema 1893. Nikadhani ni kosa la taipu, tarakimu moja imeteleza. Lakini mtafuta nasaba akishaanza kuwashwa hatulii. Nikaenda kuzisoma orodha za sensa, ambazo siku hizi mtu anaweza kuzipata hata kwa kompyuta.

Jimbo la Iowa lilifanya sensa yake mwaka 1885. Nikaipata familia: baba, mama, wana watatu, na binti wa miaka miwili. Jina lake ni lile lile. Kwa hiyo 1883 ni sahihi, nikajisemea, na jiwe limekosea. Kisha nikafungua sensa ya taifa ya mwaka 1900. Baba, mama, wana watatu, na binti mwenye jina lile lile. Umri wake, miaka saba.

Nilikaa kimya mbele ya ile karatasi. Mtoto hawezi kuwa na miaka miwili mwaka 1885 halafu akawa na miaka saba mwaka 1900. Walikuwa wawili. Kwetu tungelielewa mara moja, maana tuna neno lake: huyu wa pili alikuwa somo wa yule wa kwanza. Wanorwei wa zamani walikuwa na desturi kama yetu ya kurithisha majina ya mababu na mabibi, na mtoto akifa, aliyezaliwa baada yake mara nyingi alipewa jina lile lile ili lisipotee katika nyumba. Mjomba wa watu hakulijua hilo. Alikuta tarehe mbili za mtu mmoja, akachagua moja. Kwa kalamu yake mabinti wawili wakawa mmoja, mwenye kuzaliwa kwa yule na kufa kwa huyu.

Ndipo nikaona jambo la pili. Sensa ya 1900 ilikuwa na safu mbili kwa ajili ya akina mama peke yao. Safu ya kwanza iliuliza: mama huyu amezaa watoto wangapi? Ya pili: kati yao walio hai ni wangapi? Karani alikuwa ameandika kwa wino, kwa mwandiko wa haraka wa mtu aliyekuwa na nyumba nyingi za kupita siku ile: 9, halafu 4.

Tisa, wanne. Kijitabu kilichojua idadi ya ng'ombe hakikujua kwamba watoto watano walikuwa wamepotea. Nikamkumbuka bibi yangu na karani wake. Hapa palikuwa na serikali iliyouliza swali kama anavyolielewa yeye, na mwanamke wa miaka 45, mbali na kwao, amesimama mlangoni labda na unga mikononi, akamjibu mgeni asiyemjua: nimezaa tisa, ninao wanne.

Ndugu msomaji ataniuliza, hao watano waliwezaje kupotea kabisa katika nchi inayopenda kuandika mambo namna ile? Jibu ni rahisi na linauma. Sensa ya taifa ilifanyika kila baada ya miaka kumi: 1880, 1890, 1900. Makaratasi ya 1890 yaliharibiwa na moto uliozuka Washington mwezi Januari mwaka 1921, na kilichobaki leo ni vipande vichache tu. Basi mtoto aliyezaliwa baada ya 1885 na kufa kabla ya 1895, Iowa ilipohesabu tena watu wake, aliandikwa mara moja katika uhai wake, na maandishi yale yakateketea. Jimbo lilianza kuandikisha vizazi na vifo mwaka 1880, lakini katika miaka ile ya mwanzo habari za vifo vingi vya shambani hazikufika mjini. Hawa wetu hazikufika.

Lilibaki daftari la kanisa. Waluteri wa Kinorwei walipohamia Marekani walikuja na desturi yao ya kuandika ubatizo, kipaimara, ndoa na maziko, na wachungaji wao waliandika kwa Kinorwei kwa miaka mingi. Nilipelekwa kwa mzee mmoja mstaafu wa kijiji cha jirani anayeweza kuusoma mwandiko wa zamani. Tulikaa katika ofisi ya kanisa, yeye na miwani mbili, moja machoni na moja mkononi, mimi na daftari langu. Alisoma polepole akifuata mstari kwa kidole. Mtoto wa kiume, alibatizwa nyumbani kwa haraka mwaka 1881, akafa akiwa na siku tisa. Mwingine, mwaka 1888, wiki tatu. Halafu mzee akafika Januari 1892, akanyamaza. Akasoma tena kwa sauti ya chini. Binti wa miaka minane, yule wa sensa ya 1885. Siku nne baadaye, kaka yake wa miaka mitano. Siku saba baada ya huyo, mdogo wao wa kike, miaka miwili. Watatu kwa siku kumi na moja. Na pembeni, neno moja la ugonjwa, limeandikwa mara ya kwanza tu. Kwa wale wawili wengine mchungaji alitia alama ya kurudia.

Mzee alinitajia neno lile kwa Kiingereza, nami nikalitafsiri moyoni bila kutaka: dondakoo. Hakuna mama wa Tanzania asiyelijua. Liko kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, pamoja na kifaduro na pepopunda. Tunapanga foleni kwenye benchi, mtoto anachomwa sindano, analia kidogo, tunarudi nyumbani tukinung'unika kwamba nesi ana mkono mzito. Kwa wengi wetu dondakoo ni neno tu la kwenye kadi. Katika nyumba ile ya mbao lilikuwa ni utando unaoziba koo la mtoto huku mama yake akimtazama. Dawa ya kwanza ya kuutibu, iliyopatikana katika damu ya farasi, ilianza kutumika kwa wingi katikati ya miaka ya 1890. Kwa watoto hawa ilichelewa kidogo tu, miaka miwili au mitatu. Katika Machi 1893 mama yule alijifungua binti mwingine, akampa jina la marehemu dada yake. Huyo ndiye aliyeishi hadi 1971, ndiye aliyewalea wajukuu wa nduguze, ndiye ambaye mama mkwe alimkuta akiwa mzee wa kushona mablanketi, mwenye kusema kidogo.

"Je, aliwahi kuwataja?" nilimuuliza mama mkwe jioni ile.

Alifikiri kwa muda mrefu. "Alisema mara moja kwamba jina lake aliazimwa," alijibu. "Sisi tukadhani ni mzaha wa kizee."

Nilijiuliza ilikuwaje kitu kikubwa namna hii kikaanguka katikati ya vizazi viwili tu. Sababu moja ni uchungu. Watu hawa hawana mazoea ya kuanika huzuni uani. Lakini sababu nyingine ni lugha. Mwezi Mei mwaka 1918, wakati wa vita, Gavana Harding wa Iowa alitoa amri kwamba shuleni, hadharani, ndani ya treni, kwenye simu, na hata katika ibada kanisani, lugha iwe Kiingereza peke yake. Waliolengwa hasa walikuwa Wajerumani, lakini Wanorwei nao walikumbwa. Amri ilidumu miezi michache tu, lakini hofu ilikaa. Wazee walipunguza Kinorwei mbele ya watoto, na watoto wakakua bila kuweza kusoma barua za bibi zao. Barua zile zilikuwa kwenye boksi la viatu miaka yote. Mzee yule mstaafu ameanza kunisomea. Katika mojawapo, iliyoandikwa na dada aliyebaki Norwei, majina ya wale watatu yapo, moja baada ya jingine, na salamu za pole.

Hata jina la bibi yule nililipata humo. Kijitabu kilimwita kwa jina la mumewe tu. Katika barua anaitwa binti Ola. Kwa Wanorwei wa zamani mtoto wa kiume wa Ola aliitwa Olsen, na wa kike Olsdatter, maana yake hasa binti Ola, kama sisi wa pwani tunavyosema binti Juma au binti Salim. Sheria ya Norwei iliyotaka kila familia iwe na jina moja la ukoo ilikuja mwaka 1923. Bibi yetu alikuwa amekwisha kuvuka bahari zamani, na kule Marekani jina la baba yake lilimpotea mara tu alipoolewa. Nilipolitamka kwa Kiswahili, Binti Ola, nilihisi namfahamu.

Baada ya hapo nilikirudia kijitabu kwa macho mengine. Mstari wake wa kwanza ulisema kwamba wazee waliikuta nchi tupu. Nao ulikuwa ni hesabu ya walio hai tu. Watu wa Ho-Chunk walikuwa wamehamishiwa sehemu ile kutoka Wisconsin, na mwaka 1840 serikali ilianza kujenga ngome ya Fort Atkinson, papo hapo katika kaunti yetu, ili askari wawasimamie. Mwaka 1848 wakahamishwa tena, wakapelekwa Minnesota. Wanorwei wa kwanza walifika karibu na mwaka 1850. Nchi ilikuwa imekaa tupu kwa muda wa mavuno mawili hivi. Mji mkuu wa kaunti unaitwa Decorah, kwa jina la Waukon Decorah, mmoja wa viongozi wa watu wale. Jina limebaki, mwenyewe na watu wake wakaondolewa. Sikuona sababu ya kulihubiri jambo hilo. Nilifuta maneno "nchi tupu", nikaandika mwaka na habari kama zilivyo. Mama mkwe alisoma, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Acha ikae hivyo. Ni kweli."

Tulibaki na ukurasa wa mwisho, wa kizazi chetu. Tulikaa jikoni, mama mkwe na kalamu, mimi na chai. Akaandika jina la mkubwa wa mume wangu, mke wake, watoto wao. Akaandika la mume wangu na langu, na jina la baba yangu pia, kwa kuwa baada ya Binti Ola tulikuwa tumekubaliana kwamba hakuna mwanamke atakayeandikwa bila baba. Kisha akainua kalamu.

"Kwako niandike wangapi?" aliuliza.

Watu wa kule wananijua kama mama wa watoto wawili. Nikiulizwa dukani au shuleni, hujibu "wawili". Nilijifunza kujibu hivyo mwaka wa kwanza, kwa sababu nilipojibu kama bibi yangu, watu waliona haya, wakaomba radhi, wakaondoka. Lakini kabla ya hao wawili tulimpata binti aliyezaliwa wa miezi saba. Aliishi siku mbili. Ilikuwa Februari, theluji magotini. Yuko makaburini pale kilimani, hatua chache kutoka kwa Binti Ola, chini ya kijiwe chenye jina la ukoo tu. Mama mkwe alikuwepo siku ile, alinishika mkono. Tangu hapo hatukuwahi kumtaja, yeye kwa kunihurumia, mimi kwa kumhurumia yeye.

Ilikuwa rahisi kusema wawili. Kalamu ilikuwa juu, chai ilikuwa inapoa. Nikafikiri kwamba miaka mia kutoka leo mtu mwingine atafungua kijitabu hiki, labda mkwe, labda mgeni kama mimi, na atahesabu kama nilivyohesabu. Nikafikiri pia juu ya yule mama mlangoni, ambaye hakuwa na haja ya kumweleza karani chochote, lakini alimwambia.

"Watatu," nikasema. "Walio hai wawili."

Mama mkwe hakuinua uso. Aliandika polepole, kwa mwandiko wake wa shule za zamani, tarakimu mbili kama zile za mwaka 1900. Kisha akauliza, "Jina?"

Tulikuwa tumempa jina. Lilikuwa la bibi yangu wa Muheza. Nikamtajia herufi kwa herufi, naye akaliandika.

Nimeeleza haya kwa kuwa najua wako wengi, kwetu na kwingineko, wenye daftari la ukoo kabatini, au wenye bibi ambaye bado yu hai. Wengi tukianza kuandika nasaba huanza na waliojenga, waliopata ekari, waliokuwa machifu au makarani. Si vibaya. Ila ukimaliza hao, rudi umuulize bibi lile swali la safu mbili, na usimkatize anapojibu.

Kijitabu kimechapwa. Kina kurasa thelathini na moja. Siku ya kutimiza miaka tisini, mama mkwe aligawa nakala mwenyewe, akiwa ameketi kwenye kiti cha mti chini ya mwembamba wa kivuli kando ya ghala. Mwanangu mdogo alifungua ukurasa wa mwisho kutafuta jina lake, akalipata, akahesabu kwa kidole, kisha akaja kwangu mbio.

"Mama," alisema, "kumbe mimi ni wa tatu."

"Ndiyo, baba," nikamjibu. "Wewe ni wa tatu."